Batu batasema nini? Majibu kwa watetezi wa ukamilifu

Kila mtu wa Lubumbashi anamjua kijana huyu. Masomo amemaliza, mitihani ameshinda, na kilichobaki ni ile kazi ya mwisho tunayoiita TFC. Kurasa hamsini zimo ndani ya kompyuta. Ukimuuliza ataipeleka lini kwa profesa, anajibu: bado kidogo, utangulizi haujakaa sawa. Jibu hilo analitoa mwaka wa tatu sasa. Mama yake anasema mtoto ana akili nyingi mno. Jirani anasema amerogwa. Yeye mwenyewe usingizi umempaa, simu za rafiki hapokei, na mchumba aliyemngoja tangu mwaka wa kwanza ameanza kuhesabu umri wake.

Mtu wa namna hii tumezoea kumsifu. Tunasema ni mtu wa kanuni, hapendi kitu cha ovyo. Mimi naona tunayasifu maradhi. Mwenye bidii huitazama kazi yake na kuuliza kama inafaa. Mpenda ukamilifu huitazama kazi hiyohiyo na kujiuliza yeye atakuwa nani ikionekana na kasoro. Kwa Kiswahili chetu cha hapa swali hilo lina maneno matatu tu: batu batasema nini? Nimelisikia likitetewa kanisani, kazini na mbele ya sahani ya bukari, na kila mtetezi ana hoja yake. Nazijibu hapa, moja baada ya nyingine.

"Bila kudai ukamilifu hakuna anayefika mbali."

Hili ndilo dai linaloheshimiwa kuliko yote. Mwaka 2018 Dana Harari na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti 95, zilizofanywa tangu miaka ya 1980, kuhusu wapenda ukamilifu kazini. Ndani yake mlikuwa na watu karibu 25,000. Walikuta kwamba watu hao kweli hujituma zaidi na hukaa kazini saa nyingi zaidi. Walikuta pia kwamba wana wasiwasi zaidi, huzuni zaidi, na huchoka mpaka kuishiwa. Na kazi yenyewe? Haikuwa bora kuliko ya wengine, wala mbaya kuliko ya wengine. Yaani wanalipa kwa dola bidhaa ileile ambayo sisi tunauziwa kwa faranga.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji hata utafiti. Ana Mazembe. Klabu hii iliyozaliwa mwaka 1939 ilijipa jina la Tout Puissant, Mwenyezi, baada ya kutwaa ubingwa wa 1966 bila kushindwa hata mechi moja. Jina zito kulibeba. Mwaka uliofuata ikaleta kombe lake la kwanza la Afrika, na ililetaje? Ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na siku ya mechi ya kuamua Kotoko hawakutokea uwanjani. Kombe likaja nyumbani namna hiyo, na sijasikia shabiki aliyetaka lirudishwe. Mwaka 1969 na 1970 ikafika fainali tena, ikashindwa zote mbili. Halafu Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milan iliwafunga 3 kwa 0.

Kwa hesabu ya mtu aliyetulia, kuwa wa pili duniani ni jambo la kuchinjia mbuzi. Lakini wapo waliotoka barabarani hapa mjini wakashambulia maduka ya Wachina, kwa sababu refa alikuwa Mjapani. Hiyo ndiyo akili ya ukamilifu inapopigwa tatu bila: kosa lazima liwe na mwenyewe, na kama si mimi basi ni jirani, hata kama jirani huyo ametoka nchi nyingine kabisa.

"Hayo ni maradhi ya Wazungu na watoto wa matajiri. Sisi tuna shida za kweli."

Dai hili lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba takwimu nyingi ni za huko. Thomas Curran na Andrew Hill walilinganisha majibu ya wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016. Walitumia kipimo kilichotungwa mwaka 1991 na Wakanada wawili, Paul Hewitt na Gordon Flett, kinachotenga ukamilifu wa aina tatu: kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba watu wanakudai wewe. Zote tatu zilikuwa zimepanda. Ya tatu ilipanda kuliko zote, kwa asilimia 33. Sasa ichukue hiyo ya tatu uitafsiri kwa lugha ya Katuba au Kamalondo. Inatoka: batu batasema nini? Maradhi ya Wazungu, kumbe, tulikuwa tumekwisha kuyapa jina.

Ukitaka kujua yalipandwaje hapa, rudi Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na Mwafrika aliyeishi ndani yake alikuwa mtu wa kukaguliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya migodi, Union Minière, iliacha kuajiri watu wa muda na kuwarudisha vijijini. Ikaamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto. Ikatoa nyumba, posho, shule, zahanati. Ikatoa na macho. Mtoto alipimwa uzito, mke alifundishwa kushona na kupika, na usafi wa ua ukawa shughuli ya kampuni. Sisemi usafi ni ubaya. Bibi zetu walifagia kabla treni haijafika. Ila kuna kufagia kwa sababu vumbi linakera, na kuna kufagia kwa sababu mkaguzi anapita.

Baada ya vita ukaja mtihani mgumu zaidi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaongeza ile iliyoitwa immatriculation, ya kumtambua Mwafrika kuwa "amestaarabika" kiasi cha kupewa baadhi ya haki za Mzungu. Ili kuipata, tume ilikuja mpaka nyumbani. Iliangalia sebule, vitanda vya watoto, choo, vyombo. Iliangalia kama familia inakula mezani kwa uma na kisu. Patrice Lumumba mwenyewe, kule Stanleyville, alikataliwa kwanza kabla ya kukubaliwa mwaka 1954. Katika nchi ya mamilioni ya watu, waliofaulu hadi ukoloni unakaribia kuisha walikuwa mia mbili na ushei.

Jiweke mahali pa mama wa nyumba iliyongoja tume hiyo. Mtoto mmoja akishika nyama kwa mkono, heshima ya baba imekwenda. Mama huyo atamfundisha nini binti yake? Na binti naye atamfundisha nini wa kwake? Kadi zilikufa pamoja na serikali iliyozitoa, lakini nimeingia nyumba ngapi za mji huu nikakuta viti vizuri ambavyo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuvikalia, vimewekwa vinamngoja mgeni asiyejulikana. Mimi nikiviona hujiambia: tume bado inakuja.

"Baba hapaswi kuonekana na udhaifu mbele ya mke na watoto."

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo tulipoumizwa zaidi.

Kampuni haikujenga nyumba za matofali peke yake. Ilijenga na picha ya baba: mwanaume anayetoka king'ora kinapolia, anayerudi na mshahara, ambaye unga haukosi kwake. Watu wenyewe walisema kampuni ni baba na mama. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ikaendelea na picha hiyohiyo. Kisha mambo yakaporomoka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka hasa, Septemba 1990. Shaba iliyokuwa inapita tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikashuka hadi takribani tani 30,000 mwaka 1994. Mishahara ikakaa miezi. Na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Hiari hiyo ilikuwa ya namna gani, muulize mzee yeyote aliyetia sahihi. Miaka miwili kabla yake mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu ambacho jina lake linawaita watu hawa Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao.

Waliochunguza maisha ya nyumba za mji huu katika miaka hiyo walionyesha kwamba wanawake na watoto ndio waliozishika: mama akauza unga na mkaa, watoto wakauza walichoweza kubeba kichwani. Watu walikula kidogo lakini walikula. Kwa wanaume wengi kilichokuwa kigumu kupita njaa ni kuonekana. Wazee husimulia juu ya mtu aliyeendelea kuvaa shati safi na kutoka asubuhi kama aendaye kazini, akakaa kivulini mahali hadi jioni, akarudi. Mke alijua. Watoto walijua. Nyumba nzima ikamlindia baba uongo wake, naye akabaki peke yake ndani ya uongo huo, mkali kama pilipili, akigombana juu ya chumvi ya sombe kwa sababu juu ya jambo lenyewe hakuweza kusema neno.

Hewitt na wenzake wanaeleza mambo haya vizuri. Mpenda ukamilifu ana kiu ya kukubaliwa kuliko watu wengi, lakini kwa kuficha kila kasoro anawafungia mlango walewale ambao wangemkubali. Anabaki mpweke, na upweke unamletea huzuni. Wahenga walimaliza kwa maneno matatu: mficha uchi hazai.

Na Katanga hii yenyewe iliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ruwe karibu na Kolwezi, padre Placide Tempels alianza kukutana na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Kundi lao likaitwa Jamaa. Maneno yao makuu yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Walichokifanya ni kitu kidogo kwa kukitazama: mume na mke walikaa pamoja, wakaambiana mawazo yao, na yale ya aibu yakiwemo. Fikiria ni wapi. Ni katika makambi yaleyale ambamo kampuni ilikuja kuhesabu usafi. Jamaa ilikuwa na migogoro yake, Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, na baadaye maaskofu waliitilia mashaka, siitetei yote. Lakini mwanaume wa kambi aliyemwambia mkewe "naogopa" alikuwa amefanya jambo ambalo tume ya uma na kisu isingelipa hata alama moja, na ndilo jambo ambalo baba wa shati safi, miaka hamsini baadaye, hakuliweza.

"Mtoto asiposukumwa hapati asilimia."

Msukume, hakuna ubaya. Ila sikiliza swali letu anapoleta karatasi. Amepata 72, tunauliza 28 zimekwenda wapi. Diploma ya Taifa inatolewa kuanzia asilimia 50, na siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, aliyepata 52 na aliyepata 80 wanamwagiwa poda nyeupe ileile kichwani na mtaa uleule unapiga kelele. Siku moja kwa mwaka tunajua kufurahi. Siku nyingine tunamfundisha mtoto kuficha karatasi, na mtoto anayeficha hesabu iliyomshinda hapati wa kumfundisha hesabu hiyo.

"Biblia yenyewe inatuamuru tuwe wakamilifu."

Inatuamuru, katika mstari wa mwisho wa sura ya 5 ya Mathayo. Mimi si mhubiri, lakini nimezoea kusoma na mistari iliyotangulia, na hiyo yote inahusu kumpenda adui na kumsalimu asiyekusalimu, kwa kuwa Mungu huliwasha jua juu ya wabaya na wema bila kuchagua. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni teleios, linalosemwa juu ya kitu kilichokomaa, kilichofika mwisho wa safari yake. Embe likiiva limefika, na embe lililoiva huwa na madoa. Luka naye, akisimulia mafundisho hayohayo katika sura ya 6, mahali pa ukamilifu ameweka huruma. Kwa hiyo mume anayeutumia mstari ule kumkemea mkewe kwa sababu ya vumbi la kabati ameusoma kinyume. Mstari unamdai yeye, si kabati.

"Kitu kisichokamilika ni afadhali kisitoke."

Hapo nina shahidi, tena mwana wa hapahapa. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, aliyewahi kuwa boyi katika nyumba za Wazungu, aliandika kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani historia ya mji huu. Aliiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiswahili chake ni kile cha jikoni na kambini. Maneno yamekatwa pasipokatwa na kuunganishwa pasipounganishwa, na nukta huja zinapotaka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoushika mwandiko huo, ilimbidi Kalundi Mango, mtu anayekijua Kiswahili cha hapa, ausome kwa sauti ndipo ueleweke. Ukachapishwa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Leo anayetaka kujua mji huu ulionekanaje na aliyepiga pasi mashati ya mabwana lazima apite kwa Yav. Angengoja mpaka apate Kiswahili cha Unguja au Kifaransa cha Paris, tungebaki na kumbukumbu za mabwana peke yake.

(Mimi mwenyewe ninayempigia Yav makofi, katika kuandika haya nimefuta "njo" mara nne na kuweka "ndiyo". Batu batasema nini.)

Kabla ya Yav kulikuwa na Bela. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini hapa karakana ya wachoraji, ile ya Hangar, na Bela, aliyekuwa mtumishi wake, akaanza kupaka rangi kwa vidole badala ya brashi. Hakuna aliyemsahihisha mkono. Bwana huyo alikuwa na ubwana wake, aliwaita wachoraji watoto wake. Lakini jambo hilo moja la kutosahihisha alilipata, na picha za vidole vya Bela zimeishi kuliko yeye.

Wanaosema kwamba ukiacha ukamilifu utakuwa mzembe nawajibu kifupi, kwa lugha ya kazi yetu. Shaba ya daraja la juu kabisa, ile inayokubaliwa katika soko la London, hudaiwa usafi wa asilimia 99.99. Ni kiwango kikali na hakibembelezwi. Lakini kimeandikwa, kinapimika, na mtu akikifikia anakwenda kulala. Kiwango cha mpenda ukamilifu hakijaandikwa popote, na kila akikikaribia hukisogeza mbele.

Limebaki dai moja: kwamba asiyelala, anayelia peke yake, anayejiona hafai kitu, aombewe tu. Aombewe, ndiyo. Na apelekwe kwa wanaotibu. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili, Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, na aingiaye pale si lazima awe anaokota makopo barabarani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwa maradhi haya kilio huwa mara nyingine cha matanga.

Nawe uliyekaa na TFC miaka mitatu, nakuomba usiusome tena ule utangulizi. Ichapishe kesho, ipeleke, halafu mpigie mchumba wako umwambie kwamba ulikuwa unaogopa. Profesa atatia wino mwekundu. Ndiyo kazi yake, na ndiyo anayolipwa, miezi anapolipwa.